Mawenzi kwa macho ya mtu aliyekulia Dodoma

Nimekulia Dodoma, ambako mwamba ni kitu cha kuaminiwa. Utotoni tulipanda majabali ya graniti pekupeku, tukiutazama Mlima Simba kwa mbali, na hatukuwahi kuwaza kwamba jiwe tulilolishika lingeweza kung'oka. Graniti hiyo ya kwetu ina umri wa takriban miaka bilioni 2.5. Imani hiyo niliibeba hadi Kilimanjaro, nikaipoteza alfajiri moja nilipopumzika Gillman's Point, ukingoni mwa Kibo, kilele kikuu cha mlima huo, na kuliona jua likichomoza nyuma ya Mawenzi, kilele chake cha pili.

Mawenzi ina urefu wa mita 5,149, yaani mita 746 pungufu ya Uhuru, ncha ya juu kabisa ya Kibo, na barani Afrika hutanguliwa na Kibo na Mlima Kenya tu. Ni volkano iliyoacha kulipuka kabla ya Kibo, kwa hiyo mvua, upepo na barafu vimeitafuna kwa muda mrefu zaidi. Upande wa mashariki ukuta wa kasoko yake, yaani shimo la volkano, umebomoka na kuacha makorongo ya kutisha, na kilichosalia ni ncha kali zilizochongoka kama meno. Mchana maji hupenya katika nyufa, usiku huganda, hutanuka na kuupasua mwamba, na jua likipanda mawe huanza kuporomoka. Wachaga wana simulizi kwamba Mawenzi alizoea kwenda kwa Kibo kuomba moto, hadi Kibo akachoka na kumpiga, na ndiyo maana ana makovu. Kwa maoni yangu, simulizi hiyo imeueleza mlima vizuri kuliko picha nyingi.

Tarehe 6 Oktoba 1889, Mjerumani Hans Meyer na Mwaustria Ludwig Purtscheller walikuwa wa kwanza kufika juu ya Kibo. Mwezi huohuo waliijaribu Mawenzi, ambayo ni fupi kuliko Kibo, lakini kilele chake kikawashinda, ingawa Purtscheller alikuwa mpanda milima hodari wa Alps. Ilipita miaka karibu 23, hadi tarehe 29 Julai 1912, ndipo Wajerumani wawili, Eduard Oehler na Fritz Klute, walipokifikia. Klute alikuwa mwanajiografia, na upimaji wake wa ardhi kwa kutumia picha ulizaa ramani ya Kilimanjaro.

Jambo moja hunisumbua kila ninapoitazama ramani ya mlima huo. Ncha ya juu kabisa ya Mawenzi inaitwa kwa jina la Hans Meyer, ambaye hakuikanyaga, ilhali Klute amepewa ncha iliyo chini yake na Oehler amepewa korongo ambalo wapandaji hulifuata. Ningekuwa na uwezo, ncha ile ningeiita kwa majina ya wawili hao waliosimama juu yake kwanza.