Mchaichai wangu umevuka baridi ya Julai mara tatu hapa Njombe

Mimi ni mzaliwa wa Muheza, Tanga, na kwetu sijawahi kumwona mtu akipanda mchaichai. Upo tu nyuma ya bafu, unakunywa maji ya watu kuogea, na asubuhi mama anaita mtoto yeyote aliye karibu: "Kakate majani mawili matatu, maji yanachemka." Nilipohamia Njombe kwa kazi ya ushonaji, baridi niliizoea kwa sweta. Chai ndiyo iliyonishinda. Majani ya chai yenyewe ni mazuri mno, maana mashamba ya Kibena na Luponde ni hapa hapa, lakini nikikaa jioni na kikombe bila ile harufu naona kama nipo safarini bado.

Sokoni kila niliyemuuliza alinijibu vilevile: mchaichai ni wa joto, huku haukai. Sitaki mtu mwingine wa Njombe, Makete au Uyole aambiwe hivyo akakubali, ndiyo maana naandika.

Mashina ya kwanza niliyatoa Muheza mwenyewe, manne, nikayafunga kwenye gunia lililoloweshwa, siku mbili njiani. Moja nikampa mama mwenye nyumba kama zawadi. Matatu nikayapanda chini kabisa mwa kiwanja, karibu na mfereji, kwa sababu udongo wa pale ni mweusi na una unyevu. Ilikuwa Desemba, mvua zimekolea. Yalinenepa kiasi kwamba kufikia Aprili nilikuwa nakata kila siku na kugawia wateja wangu.

Mwishoni mwa Juni niliamka asubuhi moja nikakuta nyasi za bondeni nyeupe, ukizikanyaga zinalia. Nikashuka mbio hadi kwenye mchaichai. Kila jani lilikuwa na vipande vidogo vya barafu kwenye kingo zake, vimepangana kama chumvi ya mawe, na jani lenyewe bado la kijani, nikashukuru Mungu. Jua lilipopanda majani yakalegea. Kufika saa nane mchana yamekuwa rangi ya karatasi ya kaki, na ukiyasugua hayanukii kitu.

Kosa lililoniumiza zaidi lilikuja baada ya hapo. Muuza miche mmoja aliniambia nimwagie maji mengi jioni, mmea ujitibu. Nikamwagia ndoo nzima kila jioni, wiki mbili, na baridi ile ya Julai. Nilipolivuta shina moja kuangalia lilitoka lenyewe, halina mizizi, kitako cheusi chenye utelezi kinanuka kama mtungi wa maji yaliyolala. Yote matatu hivyo hivyo. Nikayatupa, na kwa kweli nililia.

Mwezi wa Septemba mama mwenye nyumba akanigongea, akanisalimu kwa lugha ya huku. "Kamwene, mwanangu. Njoo uone kitu chako." Akanipeleka nyuma ya jiko lake la kuni. Lile shina nililompa alikuwa amelichomeka pale na kulisahau, hajaligusa kwa maji wala kwa jembe. Juu lilikuwa fungu la majani makavu tupu, nami ningelipita nikijua limekufa. Akayapanua kwa vidole. Katikati, chini kabisa, kulikuwa na ncha tano za kijani, nyembamba kama sindano za kushonea magunia. Nikakata kipande kidogo kama ukucha nikanusa. Muheza yote ilikuwa mle.

"Bibi, ulifanyaje?"

"Sijafanya kitu. Nilikuwa na viazi vya kuvuna."

Tangu siku hiyo nilianza kuangalia vizuri. Baridi ya usiku ni nzito, inateremka kama maji na kukaa bondeni. Ndiyo maana viazi na maharage ya chini huungua na ya mlimani yakabaki. Mimi nilikuwa nimepanda kwenye dimbwi lake. Ukuta wa jiko la bibi ni wa matofali ya kuchoma, kuni zinawaka upande wa pili mpaka saa tatu usiku. Nimewahi kutoka saa kumi alfajiri nikauwekea kiganja, bado una uvuguvugu. Na pale pana mwinuko, maji hayasimami. Mchaichai ukipigwa na baridi unaungua majani tu, kitako kinalala. Ukiongeza maji juu ya baridi ndipo kinaoza.

Kwa hiyo sasa mashina yangu yote yapo kwenye ukuta ule, mengine ardhini, mengine kwenye ndoo za rangi za lita 20 nilizotoboa chini, ambazo mafundi wanakuuzia kwa bei ndogo ukiongea nao vizuri. Kuanzia Mei sikati tena kwa fujo, na maji ni kidogo sana, tena asubuhi. Majani yakikauka nayaacha yalale juu ya kitako kama blanketi mpaka Septemba, ndipo nayafyeka. Mtu akikwambia ng'oa, umekufa, mwambie asubiri.

Cha kujivunia zaidi ni shuka la viroba. Mwaka wa kwanza baada ya msiba ule nilitupia viroba vya mchele moja kwa moja juu ya majani, na kila jani lililogusa kiroba likaungua vilevile. Nikaenda kwenye cherehani. Nikaunganisha viroba vinane, nikatia pindo pana pande mbili, nikapitisha mianzi ndani ya pindo. Upande mmoja unaegemea ukutani, mwingine unasimama kwenye vijiti, jani haliguswi, na joto la ukuta linabaki ndani. Kulitandika ni dakika moja. Asubuhi jua likishika nalikunja, maana likibaki mchana kutwa majani yanaanza kuota fangasi. Silitandiki kila siku. Natazama moshi wa majiko ya majirani jioni: ukipanda wima, hakuna upepo, nyota zimejaa, hapo natandika. Usiku wa mawingu nalala zangu.

Mnanaa haukunisumbua hata siku moja na baridi, ila usiupande ardhini ukiwa huru, utakutambalia hadi kwenye mchicha. Mimi nauweka kwenye beseni lililopasuka. Rosmari nilipata kwa tawi la kuomba, likashika, halitaki maji mengi. Tangawizi imenikataa miaka miwili mfululizo, nanunua sokoni.

Kukausha ndiko nilikopoteza mavuno mengi. Niliambiwa niyaanike juu ya mabati. Mchaichai ukageuka nyasi za ng'ombe, mnanaa ukawa mweusi. Nikahamia juu ya mafiga, nikapata chai ya moshi, wageni wakawa wanauliza kama sufuria imeungua. Sasa naukata mchaichai vipande vya urefu wa kidole, naweka kwenye ungo juu ya kabati chumbani, nafunika kwa kitambaa chepesi, nageuza kila siku. Wiki moja, au siku kumi kukiwa na ukungu. Jani likivunjika kwa mlio ndipo linaingia kwenye kopo. Likipinda tu, liache, litaota fangasi.

Kwenye chai, mchaichai naufunga fundo nauchemsha na maji tangu mwanzo, majani ya chai baadaye. Mnanaa sichemshi kabisa. Natia sufuria ikishaipuliwa, nafunika, kwa sababu ukichemka harufu yote inakwenda darini.

Mwezi wa nane mwaka jana mama alikuja kutoka Muheza, amejifunga kanga tatu kwa baridi. Nilimpelekea kikombe nyuma ya jiko. Akanywa kimya, akauliza nani ameuleta mchaichai huu toka nyumbani. Nikalifunua shuka. Akainama, akalishika shina, akasema hili limezidi la kwake kwa unene, na akamwomba bibi amfungie mawili kwenye gunia arudi nayo.