Namba 4 iliyonidanganya

Mtoto wa dada yangu yuko Njombe, na anayeijua Njombe ya mwezi wa sita hahitaji kuambiwa zaidi. Asubuhi ukipumua unatoa moshi kama mvutaji. Mtoto alikuwa anakaribia mwaka, nami nikajitia ujuzi: sweta sitanunua, nitafuma mwenyewe.

Sindano alinipa shangazi, za chuma, zimeandikwa 4 kwenye vichwa. Maelekezo niliyoyapata mtandaoni yalisema milimita 4. Nikaona mambo yamejipa. Nikaanza mgongo kwa vitanzi 60, na baada ya jioni tano nikaupima. Ulitakiwa uwe na upana wa sentimita 27. Wangu ulikuwa 37 na nusu, tena una matundu ya kupitisha kidole.

Nikampelekea shangazi. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Hiyo 4 ni ya Waingereza wa zamani, mwanangu. Kwao namba ikipanda, sindano inazidi kuwa nyembamba."

Kumbe namba 4 ya zamani ni milimita 6, na milimita 4 niliyotakiwa kutumia ni namba 8. Tangu siku hiyo sindano nazipima kwa rula, maandishi nayaacha yajisemee.

Ila kosa langu la kweli lilikuwa jingine: sikufuma kipande cha majaribio. Nilikiona ni kupoteza uzi. Shangazi alinikalisha nikafuma vitanzi 30 kwa namba 8, kipande cha mraba hivi, nikakifua na kukianika kama sweta lenyewe litakavyofuliwa. Kilipokauka nikahesabu vitanzi vya katikati ndani ya sentimita 10, maana vya pembeni hujivuta na kudanganya. Maelekezo yalitaka 22. Mimi nilipata 24, kwa sababu mkono wangu unakaza uzi. Nikahamia namba 7, ikatoa 22 kamili. Jioni moja tu! Nikizikumbuka zile tano nilizozitupa, nachukia.

Uzi wenyewe ulitoka mtumbani. Nilichagua sweta kubwa la sufu, na hapa kuna siri: ligeuze ndani nje uangalie mishono ya ubavuni. Ukikuta kingo zimekatwa na kupigwa ovaloku, liache, maana kila mstari utakupa kipande kifupi cha uzi. Linalofaa ni lile ambalo kingo zake hazikukatwa, vipande vimeunganishwa tu. Ukitoa uzi wa kuunganishia, vinaachana vizima. Mengi hufumuka kirahisi ukianzia juu, shingoni au mabegani. Uzi utatoka umejikunja kama tambi. Nilizungushia mgongo wa kiti, nikafunga sehemu nne usivurugike, nikauloweka kwenye maji ya uvuguvugu na kuuanika. Maji ya moto usithubutu, sufu hujikunyata ikashikamana. Ulipokauka ulikuwa umenyooka vya kutosha.

Safari hii kila baada ya mistari kumi nilichukua sindano ya kushonea yenye uzi mweupe wa pamba nikaupitisha ndani ya vitanzi vyote vilivyokuwa kwenye sindano, nikauacha humo na kuendelea kufuma. Nilidhani ni uoga wa wazee. Siku ya tatu mpwa wangu mkubwa, wa miaka minne, akachomoa sindano akidhani ni fimbo ya kuchezea. Nikafumua mpaka kwenye ule uzi mweupe, vitanzi vikanisubiri pale pale, hakuna kilichoshuka. Kitanzi kimoja kikidondoka, hapo kufumua hakuna haja: ingiza kroshia, ile sindano yenye ndoano, kwenye kile kilichoporomoka, uvute kijiti cha uzi kilicholala juu yake kipite katikati, kimoja baada ya kingine, kama unapanda ngazi.

Mikono niliifuma yote miwili kwa pamoja kwenye sindano moja, kila mmoja na donge lake la uzi. Ni usumbufu, madonge yanasukana kila ukigeuza, lakini mstari nilioupunguza huku niliupunguza na kule.

Kofia nikafanya kwa kroshia, kwa mshono mfupi. Unaanza na mishono 6 kwenye duara, mzunguko unaofuata 12, kisha 18, kisha 24. Kila mzunguko unaongeza 6. Ukiongeza pungufu linainuka kama bakuli, ukizidisha linakunjamana kama jani la sukuma. Suala ni lini uache kuongeza. Kichwa cha mtoto kilikuwa na mzingo wa sentimita 46. Gawanya kwa 3.14 unapata 14 na nusu na ushei. Nilisimama duara lilipofika upana wa 14 ili kofia imkamate, nikaendelea bila kuongeza mpaka ikafunika masikio.

Nilipeleka vyote viwili wiki ya pili ya mwezi wa saba. Sweta lilimkaa. Shangazi alilishika, akaligeuza mara moja tu, akaweka kidole mgongoni kwenye kitanzi kimoja nilichokiokota kikiwa kimejipinda.

"Hiki hapa," akasema, akamvisha mtoto.