Siku moja na magunia yangu, Moshi

Saa 12 asubuhi
Kabla ya chai natumbukiza magunia ya kahawa, ninayoyageuza mapambo ya nyumbani, kwenye beseni la maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo. Nyuzi za juti, mmea unaofumiwa magunia haya, hulainishwa kwa mafuta kiwandani, na ndiyo ile harufu ambayo wengi hudhani ni ya kahawa. Sisugui wala sikamui, nabonyeza tu. Ukisugua, nyuzi zinaachana na gunia linapinda. Kisha nayatandaza uani yachuje maji. Kipindi cha masika kazi hii ni mateso.

Saa 2
Soko la Mbuyuni, kwa mzee anayeuza magunia.
"Shikamoo babu."
"Marahaba. Umekuja kuchambua tena?"
Nachambua kweli. Nalinyanyua kila gunia juani nione matundu ya panya na madoa ya ukungu. Salfeti siigusi hata apunguze bei, ile plastiki ukiipitishia pasi inayeyuka. Lenye neno TANZANIA lililokolea naliweka pembeni, hilo ni la ukutani.

Saa 4
Kukata, na hapa ndipo penye kazi yenyewe. Gunia halikatwi kwa macho. Navuta uzi mmoja pembeni, taratibu, mpaka utoke wote. Unaacha njia nyembamba iliyonyooka, nami mkasi naupitisha humo humo. Foronya ya mto wa sentimita 45 naikata 48, halafu napiga zigizagi kingo zote kabla ya kuunganisha, kwa sindano namba 18 na mshono mrefu kidogo. Ukiruka zigizagi, foronya itafumuka wiki hiyo hiyo. Upande wa nyuma naweka kitenge au pamba nyeupe, maana gunia linawasha shavu la mtu anayejilaza kutazama taarifa ya habari.

Saa 7 mchana
Amekuja mteja, anataka sebule nzima: mapazia, mito, vitambaa vya makochi, kila kitu.
"Dada, ukiweka gunia kila mahali sebule itageuka ghala la chama cha ushirika."
Amecheka, tumeelewana: mito miwili na kitambaa cha katikati ya meza chenye lesi nyeupe pembeni. Mapazia nimemshauri aache. Mchana gunia linachuja mwanga vizuri sana, lakini usiku ukiwasha taa jirani anaona mpaka mboga uliyopika. Lazima uweke bitana, na ukishanunua bitana, unafuu wa gunia umekwisha.

Saa 10
Gunia la TANZANIA nimelipiga pasi likiwa bado na unyevunyevu, nikalivuta juu ya fremu ya mbao. Stepla naanzia katikati ya kila upande kuelekea kwenye kona. Ukianzia kona, maandishi yanakwenda mshazari. Vipande vilivyobaki nimezizungushia chupa tupu za jamu.

Saa 12 jioni
Vumbi la juti limejaa kwenye cherehani. Natoa bobini, napitisha mswaki wa zamani, natia tone la mafuta. Mteja mwingine ameuliza kwa simu kama chupa zile zinafaa kuwekewa mishumaa. Nimemwambia aweke maua, juti inashika moto upesi. Akiomba sana, nitamtengenezea mikeka ya sahani.