Divai na chakula cha Kivu: namna ninavyoandaa meza yangu Goma

Hapa Goma wengi huchagua divai kwa kuangalia nyama: samaki anapewa nyeupe, mbuzi anapewa nyekundu, basi. Kwenye meza yangu nimeacha kuanza na nyama. Sahani zetu zinaamuliwa zaidi na chumvi, mawese, ndimu, moshi wa makala (makaa) na pilipili. Sombe (majani ya mhogo) iliyotiwa ndagala kavu na sombe isiyo na ndagala zinaonjeka tofauti kabisa ukiwa na glasi mkononi, ingawa zote zimetoka sufuria moja.

Kabla ya kutoa pesa kwa chupa ya bei, naufundisha ulimi kwa vitu vya jikoni. Natengeneza chai nyeusi bila sukari, vikombe viwili, kila kimoja kijiko kimoja cha majani. Cha kwanza nakichuja baada ya dakika 2, cha pili baada ya dakika 10. Hicho cha pili kinakausha ufizi na kuuacha ulimi ukikwaruza. Ukakasi huo ni kazi ya tanini, ileile inayotoka kwenye maganda na mbegu za zabibu wakati wa kutengeneza divai nyekundu. Nikimimina maziwa kidogo ndani ya kikombe, ukakasi unashuka papo hapo, kwa sababu protini za maziwa zinaishika tanini kabla haijazishika protini za mate. Hapo ndipo mtu anaelewa kwa nini divai nyekundu kali inatulia mbele ya fromaji, yaani jibini.

Uchachu naupima kwa nusu ndimu iliyokamuliwa ndani ya glasi ya maji. Mate yakijaa pembeni mwa ulimi, huo ndio uchachu. Ramba chumvi kidogo kisha unywe tena: maji yamelegea. Tafuna ndizi mbivu kisha unywe tena: maji yamekuwa makali. Divai inafanya vilevile. Chumvi inailainisha, sukari ya chakula inaifanya ionekane chungu na chachu kuliko ilivyo. Kwa sababu hiyo, kitu kitamu cha mwisho wa mlo kinahitaji divai tamu kukipita, na nisipokuwa nayo natoa kahawa.

Baridi na joto vinaharibu meza nyingi kuliko uchaguzi mbaya wa chupa. Mji wetu uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo nyumba si za joto la Kinshasa, lakini sebule yenye nyuzi 22 bado imezidi kwa divai nyekundu. Kwa nyekundu nzito natafuta nyuzi 16 hadi 18, kwa nyekundu nyepesi 12 hadi 14, kwa nyeupe na rozé (ya rangi ya waridi) 8 hadi 12, na yenye mapovu 6 hadi 8. Ikipita nyuzi 20, kilevi kinapanda puani na matunda yanajificha. Nyeupe ikitoka kwenye frigo ikiwa baridi kupita kiasi, hainuki kitu. Naiacha mezani robo saa. Umeme ukikatika natumia ndoo: barafu, maji ya kufunika chupa hadi shingoni, na konzi moja ya chumvi. Barafu peke yake inagusa chupa hapa na pale tu, maji ndiyo yanayoizunguka yote. Nyeupe naipa dakika 20, nyekundu dakika 5 zinatosha, tena kwa maji na vipande vichache tu vya barafu. Kwa siku za umeme mbaya naweka mapema chupa za plastiki za maji kwenye kigandisho, ndizo barafu yangu.

Dukani naanza kwa kuangalia chupa ilikokaa. Ile ya dirishani, iliyopigwa na jua, naiacha hata bei ikiwa nzuri. Kizibo kilichoinuka juu ya mdomo wa chupa, alama ya kunata iliyoteremka shingoni, au divai nyeupe changa iliyogeuka rangi ya kahawia: hizo ni dalili za joto au hewa. Kifuniko cha kuzungusha hakinisumbui hata kidogo. Chupa nyingi nzuri za Afrika Kusini zinafungwa hivyo, na zinakwepa ule ugonjwa wa kizibo unaoleta harufu ya karatasi ngumu iliyolowa. Kwenye lebo kuna mtego mmoja unaowapata wengi. Divai ya kawaida iliyoandikwa “sec”, yaani kavu, isiyo tamu, ina sukari ndogo sana, lakini yenye mapovu iliyoandikwa “sec” ina gramu 17 hadi 32 za sukari kwa lita. Anayetaka kavu yenye mapovu atafute “brut”, ambayo haipiti gramu 12.

Sasa sambaza. Hawa samaki wadogo wa Ziwa Kivu, walioletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wanaliwa wazima, kichwa na tumbo, na tumboni mna uchungu kidogo unaopendeza. Nawakausha vizuri kwa kitambaa, nawapitisha kwenye unga kidogo wenye chumvi, nawakaanga kwa mafungu madogo ili mafuta yasipoe. Wakilegea na kunyonya mafuta, divai yoyote itapata taabu. Wanapotoka wakilia mdomoni, nakamua ndimu na kumimina divai nyeupe, Sauvignon Blanc au Chenin Blanc kavu. Uchachu wa divai lazima ufikie ule wa ndimu, la sivyo divai inageuka maji. Sauvignon inanikumbusha marakuja na majani yaliyokatwa sasa hivi, na harufu hiyo inakaa vizuri sana juu ya samaki wa kukaanga. Brut ni nzuri zaidi bado, kwa kuwa mapovu yanaosha mafuta kinywani. Nyekundu hapa naikataa, na sababu si desturi: chuma kilichomo ndani ya divai kinakutana na mafuta ya samaki na kuacha mdomoni ladha ya samaki aliyelala.

Sombe ndiyo sahani inayonifurahisha zaidi, kwa sababu ni ngumu. Ina uchungu wa majani, mawese yanayofunika ulimi, mara nyingine karanga, na ndagala wanaoleta chumvi na ule utamu mzito wa samaki mkavu. Tanini juu ya uchungu huo inazidisha uchungu, na ndagala wanaufanya uwe mkali zaidi. Cabernet iliyo kali, nyekundu yenye tanini nyingi, ikiwekwa hapo, sahani na glasi zote mbili zinapoteza. Kinachofaa ni uchachu wa kukata mawese pamoja na mwili, yaani uzito kinywani, wa kutosha ili divai isizame. Nachagua rozé kavu, au Chenin Blanc iliyokaa kwenye pipa, au Gamay ya Beaujolais, nyekundu nyepesi ya Ufaransa, iliyopozwa hadi nyuzi 13, ambayo tanini yake ni ndogo na mara nyingi inanukia ndizi mbivu. Sombe iliyotiwa ndagala naipa rozé. Ya karanga bila samaki naipa Chenin ya pipa. Na bugali, isiyo na makelele, inausafisha ulimi kati ya funda na funda. Nashangaa watu wanapoitoa mezani siku ya divai na kuweka mkate mtamu.

Brosheti (mishikaki) za mbuzi hazina shida: Syrah, nyekundu yenye harufu ya pilipili manga, au Pinotage, aina ya zabibu iliyozalishwa Stellenbosch mwaka 1925 na Abraham Perold kwa kuchanganya Pinot Noir na Cinsaut. Moshi wa Pinotage na moshi wa makala vinaelewana. Pilipili tu naiweka pembeni kwenye kisahani. Kilevi kinauongeza moto wake, na tanini inaufanya ukwaruze, kwa hiyo anayependa kula moto apewe divai yenye kilevi kidogo na sukari kidogo, ya baridi, si nyekundu ya asilimia 14,5.

Fromaji ya Masisi iliyo changa na laini naipa nyeupe. Iliyokomaa, ngumu na yenye chumvi, inaibeba Merlot, divai nyekundu, vizuri.

Mezani namimina kidogo, mililita 50 kwa kila mtu, maana chupa ya mililita 750 inatosha watu 15 kuonja. Glasi iwe imejikunja mdomoni na isijae kupita theluthi. Isinuke sabuni wala kabati. Mbabula, jiko la makala, inabaki nje, na anayepuliza manukato mengi aambiwe mapema, kwa upole. Tunanusa kabla ya kuzungusha glasi, kisha baada yake. Tunaonja divai peke yake, halafu tonge moja, halafu divai tena. Funda la pili ndilo linalosema ukweli: kama matunda yamebaki na ulimi unataka tonge jingine, vimeoana. Kama kilichobaki ni uchungu au moto wa kilevi, nabadilisha divai, au naongeza chumvi na ndimu kwenye chakula, njia ambayo mara nyingi inatosha.

Kinachobaki nakihamisha usiku uleule kwenye chupa ndogo safi, kijae hadi mdomoni, kwa sababu adui ni hewa iliyobaki juu. Kwenye frigo nyekundu inakaa siku 3, nyeupe inaweza kufika 5. Kijiko kinachowekwa kwenye shingo ya chupa ya mapovu hakizuii chochote. Inahitaji kizibo chenye mabano ya kubana. Nyekundu iliyochoka lakini isiyogeuka siki inaingia kwenye nyama: glasi moja kwa kilo ya mbuzi, vitunguu saumu, chumvi, usiku mzima kwenye baridi, na kesho yake nyama ifutwe ikauke kabla ya kupanda kwenye makala.