Ulimi Mzito

Nina kigugumizi. Herufi inayonikwamisha kuliko zote ni "m", na jina langu linaanza na hiyo hiyo. Nikikwama, watu hunimalizia neno, wakidhani wananisaidia. Kwa hiyo wazee wa kanisa waliponijia mara ya kwanza wakitaka niwe katibu wa baraza, nilikuwa na jibu tayari, tena la Biblia: nikawatajia Musa, aliyemwambia Mungu kwamba ulimi wake ni mzito. Wakacheka, wakaenda zao. Mara ya pili nikawapa lile lile. Wiki hii wamekuja mara ya tatu, nikaomba siku chache, nikakaa na Kutoka 3 na 4 nione huyu ninayejificha nyuma yake alisema nini hasa.

Mungu anamwita Musa kutoka kwenye kijiti kinachowaka moto na kumtuma kwa Farao, mfalme wa Misri, akawatoe Waisraeli; naye anajitetea mara tano. Mimi ni nani hata niende kwa Farao? Wakiniuliza jina lako, niwaambie nini? Wasiponiamini je? Ulimi wangu ni mzito. Kwa yote manne Mungu anamvumilia: anamwahidi kuwa pamoja naye, anamtajia jina, anaigeuza fimbo yake kuwa nyoka, anamuuliza ni nani aliyefanya kinywa cha mwanadamu. Hasira inawaka mara ya tano tu, Musa anapoishiwa sababu na kuomba atumwe mwingine. Hapo nilikifunga kitabu kwa muda. Kigugumizi changu ni cha kweli kabisa, lakini hicho ni kisingizio cha nne. Cha tano ndicho nilichokuwa nacho moyoni tangu siku ya kwanza.

Rashi, mfafanuzi Myahudi wa karne ya 11 kutoka Troyes, Ufaransa, anamtetea Musa kidogo: hakutaka kumpita Haruni, kaka yake. (Walipomwendea Farao, Musa alikuwa na miaka 80, Haruni 83.) Lakini huyo huyo Rashi analeta pia maoni ya mwalimu wa zamani kwamba hasira ile iliacha alama: ukuhani ulikuwa uwe wa Musa, ukahamia kwa Haruni. Kumbe kukataa nako kuna gharama yake, hata kama mwishowe ulienda.

Kiebrania cha Biblia husema kutii kwa neno "shama", yaani kusikia. Nabii Samweli anapomwambia mfalme Sauli kwamba kutii ni bora kuliko dhabihu, neno ni hilo. Na Sauli ndiye yule aliyejificha penye mizigo siku ya kutangazwa mfalme. Sisi hatuhitaji kamusi kwa hili. Mama akisema "mtoto huyu hasikii", hakuna anayempeleka kupimwa masikio. Yona naye, nabii aliyetumwa Ninawi, alisikia vizuri mno, ndiyo maana akashuka Yafa na kulipa nauli ya Tarshishi. Hakutoa hata udhuru mmoja. Afadhali Musa, alibaki pale pale kijitini akibishana.

Lililonikosesha usingizi, hata hivyo, ni lile fumbo la Yothamu katika Waamuzi 9. Miti inatafuta mfalme. Mzeituni unasema hauwezi kuacha mafuta yake, mtini utamu wake, mzabibu divai yake. Sababu nzuri zote, za watu wenye kazi zao. Kisha unaulizwa mti wa miiba, nao unakubali papo hapo na kuialika miti mingine chini ya kivuli chake. Kivuli cha miiba! Yothamu alikuwa akimsema Abimeleki, aliyewaua nduguze 70 juu ya jiwe moja ili awe mfalme. Miaka yote nilidhani fumbo hili linawasifu waliokataa.

Na kuna hili dogo. Kitabu tunachokiita Kumbukumbu la Torati, Wayahudi hukiita "Devarim", Maneno. Kinaanza: haya ndiyo maneno aliyoyasema Musa. Huyo wa ulimi mzito, sura 34, karibu zote akisema yeye. Wala hakuna mahali panaposema ulimi uliponywa.

Jana jioni nikampigia mzee wetu. "Shikamoo" ilipita salama, maana inaanza na "sh". Kisha nikataka kusema "mzee", nikakwama kwenye ile "m", nikakwama sana, nikasikia pumzi yake upande wa pili. Hakunimalizia. Alingoja mpaka nikafika mwenyewe.