Umefikia kwa nani?

Tangu nirudi kutoka Caye Caulker, kisiwa cha Belize, Amerika ya Kati, namjibu Mama kichwani. Naosha vyombo, namjibu. Niko zamu ya usiku namgeuza mzee wa watu ubavu wa pili asipate vidonda, namjibu. Wiki yenyewe imejaa mambo: binti amepata barua ya chuo alichokitaka, kazini wamenifanya msimamizi wa zamu, na mdogo wangu wa Dodoma amejifungua salama mtoto wa kiume, alhamdulillahi. Yote nayashukuru. Ila nikitulia kidogo tu, kinachonirudia ni ile simu niliyopiga kutoka barazani kule kisiwani, kwangu ikiwa saa kumi na mbili asubuhi na Tanga saa tisa alasiri.

Nilimpigia ili aone bahari. Nikaigeuza simu, nikamwonyesha gati la mbao, mwari amekaa juu ya nguzo, na mbali kule ule mstari mweupe ambapo mawimbi yanavunjika juu ya mwamba. Mama akasema mashallah, maji mazuri. Kisha:

“Hapo umefikia kwa nani?”

“Nyumba ya wageni, Mama.”

“Ya nani?”

“Ya watu wa hapahapa. Nimelipia.”

“Yaani huko huna mtu.”

“Sina, Mama.”

“Haya.”

Akaniuliza kama nimekula. Akaniambia mvua imewanyeshea tangu alfajiri. Jirani akapiga hodi, tukaagana.

Hakupandisha sauti, wala hakuguna. Nyuma yake mtu alikuwa anakuna nazi, na Mama aliposema huna mtu, ile mbuzi haikusimama hata kidogo, iliendelea kwa mwendo uleule. Sijui kwa nini hilo ndilo lililonichoma. Labda kwa sababu tangu talaka yangu Mama hajawahi kunitamkia maneno hayo, na siku aliyoyatamka yalimtoka kirahisi tu, nazi zinakunwa, mchana unakwenda. Dada wa Muheza nilipomweleza alisema nimeanza tena, Mama kauliza swali ambalo kila msafiri huulizwa. Ni kweli. Mimi mwenyewe kila Mtanzania mpya anayetua Houston humuuliza hivyohivyo, na akinitajia mtu ninayemjua roho yangu hutulia.

Lakini ngoja niseme ambalo sikumwambia Mama.

Safari zangu zote za utu uzima zilikuwa na mtu mwisho wake. Nimesafiri kumzika Baba. Nimesafiri kwa harusi, kwa arobaini, kumuuguza shangazi Muhimbili. Marekani yenyewe nilikuja nikimfuata mtu, na wasomaji wa siku nyingi mnajua ilivyoishia. Nikienda nyumbani nabeba masanduku mawili, kila moja kilo 23, na kilicho changu humo ni nguo za kubadilisha. Mengine yote ni viatu vya watoto wa watu, vitamini za wazee, simu ya huyu, manukato ya yule, na bado nikifika yupo atakayenuna kuwa chake kidogo. Nalala kwa zamu nyumba za ndugu ili asione mtu nimembagua. Naamka kabla ya mwenyeji nisionekane mvivu. Nakula nisichokitaka kwa kuwa aliyekipika amesimama pembeni anatazama sahani yangu.

Safari hii nilibeba begi la mgongoni la binti yangu. Ndani nguo kidogo, mswaki, mswala, miwani ya kuzamia na lile vazi langu la kuogelea la kujistiri, ambalo mnalikumbuka kutoka masomo ya bwawani. Lilikuwa jepesi hivi kwamba pale uwanja wa ndege niligeuka mara kwa mara nikidhani nimesahau kitu. Kutoka Houston hadi Belize ni saa mbili na kitu angani, kisha teksi hadi kwenye boti, na boti haikufikisha saa nzima.

Kisiwa kina urefu wa kilomita nane hivi, na upana wake unauvuka kwa miguu kabla kiu haijakushika. Magari karibu hakuna. Kuna baiskeli, vile vigari vidogo vya gofu, na barabara za mchanga mweupe zenye vibao vinavyowaambia watu waende polepole. Na wanakwenda polepole kweli. Wenyeji wengi ni wazao wa watu waliokimbia vita vya Yucatán, Mexico, karne ya 19, wamechanganyika na Wakrioli na Wagarifuna, jamii za Belize zenye asili ya Afrika, na wavuvi wao ndio sasa wanaopeleka wageni mwambani. Upande wa kaskazini kisiwa kimekatika vipande viwili. Kimbunga Hattie cha mwaka 1961 ndicho kinachotajwa kuwa kilipasua pale, halafu wenyeji wakachimba wenyewe hadi boti zikapita. Kimbunga hichohicho kiliiumiza Belize City hadi serikali ikajenga mji mkuu mpya bara, Belmopan. Sisi tuliokaa Houston mwaka 2017 wakati wa kimbunga Harvey tunajua maji yanavyoweza kuamua mji ukae wapi. Nilisimama pale muda mrefu nikitazama vijana wakirukia ndani ya mkondo.

Chumba changu kilikuwa cha mbao juu ya nguzo. Mama mwenye nyumba alinipa ufunguo, akanionyesha feni na maji ya kunywa, akaenda zake. Hakuniuliza mume yuko wapi. Hakuniuliza nina watoto wangapi. Nililala hadi jua likanifikia usoni, mimi ambaye miaka yote hulala mchana na pazia limebanwa kwa vibanio. Kibla kule ni kaskazini mashariki, kwa hiyo nilisali nikielekea upande wa mwamba, ngurumo yake ikisikika dirishani. Asubuhi nilikula unga wa ngano uliokaangwa ukafura, pamoja na maharage, na mchana wali na maharage vilivyopikwa pamoja kwa tui la nazi. Nilikula nikabakiza, na hakuna aliyenuna.

Siku ya mwamba ndiyo niliyokuwa naisubiri. Tulipanda boti asubuhi, vijana wa mabegi kutoka nchi mbalimbali na mimi, mkubwa kuliko wote humo. Tulikwenda Hol Chan, mlango katika mwamba ambao umehifadhiwa tangu mwaka 1987, na huruhusiwi kuingia majini bila mwongozaji mwenye leseni. Wetu alikuwa nahodha mtu mzima, mvuvi wa zamani. Alitueleza kwa utulivu: msisimame juu ya matumbawe, msishike kitu, ukichoka lala chali juu ya maji uinue mkono. Alitueleza pia kwamba mwamba wa Belize uliwekwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 1996, baadaye ukaingizwa katika orodha ya walio hatarini, na ukatolewa humo mwaka 2018 baada ya nchi yao kupiga marufuku utafutaji wa mafuta baharini. Alilisema hilo kifua mbele, na nikafurahi kwa ajili yake.

Nikavaa miwani, nikaweka bomba mdomoni, nikalaza uso.

Kwanza unasikia pumzi yako tu. Kisha masikio yanazoea na unaanza kusikia sauti nyingine, kitu kinatafuna, na ukitafuta unaona pono anauma jiwe kwa mdomo wake mgumu na mchanga mweupe unamtoka nyuma. Niliwasikia wakila! Chewa mkubwa alikaa chini ya mwamba hakusogea, amejua kuwa pale havuliwi. Samaki mkunga wa kijani alitoa kichwa shimoni, anafungua na kufunga mdomo. Kasa alikuwa kwenye majani anakula, akapanda kuvuta pumzi hatua chache kutoka kwangu, akashuka kuendelea na chakula chake. Si kote kuzuri. Kuna sehemu matumbawe yamebaki mifupa mitupu, kwa joto la maji na kwa ule ugonjwa wa matumbawe ulioanza kuonekana Florida mwaka 2014 ukasambaa sehemu kubwa ya Karibi. Nahodha alipita juu ya sehemu hiyo bila kuonyesha chochote kwa kidole.

Baadaye tukaenda pale penye papa. Wavuvi zamani walikuwa wanatia nanga hapo kusafisha samaki na kutupa matumbo majini, papa na samaki aina ya taa wakajifunza mlio wa injini, na hata sasa boti ikifika wanakuja. Ni papa usingizi, wale wapole wanaoshinda wamelala chini. Maji hayana hata mita tatu. Mmoja alinipitia ubavuni hadi nikaona nyama mbili ndogo zinazoning'inia juu ya mdomo wake na kijicho chake kidogo mno kwa mwili ule. Kisha taa akapita chini ya tumbo langu, mpana kuliko ungo, mchanga unamwagika kutoka mgongoni, na yale matundu nyuma ya macho yake yanafunguka na kufumba, yanafunguka na kufumba. Nilisahau kupiga miguu. Nikabaki nimeelea.

Na hapo ndipo Mama akanirudia. Huko huna mtu. Nikamjibu ndani ya bomba, sauti ikatoka mapovu: sina, Mama. Na nilikuwa na furaha kiasi kwamba miwani iliingia maji kwa kucheka. Hapakuwa na mtu wa kumpikia, wa kumzika, wa kumwombea ruhusa, wa kumshukuru. Natamani kila mwanamke wa kwetu aliyebeba masanduku ya watu maisha yake yote aende japo mara moja mahali asikokuwa na mtu. Nasema hivyo kwa moyo wangu wote, na msinitumie ujumbe wa kuniambia nimekuwa Mmarekani.

Hadi jana usiku hayo ndiyo niliyokuwa nataka kumwandikia Mama, yote, tena kwa ukali kidogo.

Lakini jana usiku kazini amefariki bibi wa chumba cha mwisho, yule niliyewasimulia anayependa kusukwa. Kwenye faili lake, pale pa kuandika jina la mtu wa kupigiwa simu, hapana jina. Tulimfunga kidevu, tukamnyoosha mikono, tukampigia msimamizi wa jengo, na tukasubiri gari. Nilikaa naye hadi gari likaja kwa sababu sikuona kama inafaa aachwe. Nikayasikia tena maneno ya Mama, na safari hii yalikuwa na sauti nyingine kabisa. Mama ameosha maiti wa mtaa wetu wa Ngamiani tangu mimi mdogo. Anapouliza umefikia kwa nani, anauliza kama likikutokea jambo yupo wa kukufumba macho na wa kututumia habari. Nilikuwa kisiwani, ndani ya maji yenye papa, na jina la Mama wala namba yake havikuandikwa popote kwenye begi langu.

Sasa nina haya mawili na hayakai pamoja. Furaha ya kule ilikuwa ya kweli na ninaitaka tena, nimeshaanza kuangalia nauli za mwakani. Na hofu ya Mama si ya kijinga, naishika kwa mikono yangu kila wiki kazini. Leo asubuhi nimempigia. Tumezungumza juu ya mtoto wa Dodoma, jina gani atapewa, na mabati ya jikoni yanayovuja. Hakutaja kisiwa, nami sikutaja. Karibu na kuagana akaniuliza, wale samaki uliowaona wanalika? Nikamwambia hapo hawavuliwi. Akasema, “Basi wamepata mahali.” Sijaamua alikuwa na maana gani.

Nimeingia gereji kutoa nguo kwenye mashine nimekuta friza inavuja, maji yametapakaa hadi mlangoni. Humo kuna nyama yote ya mbuzi ya akika ya Jumamosi, ambayo rafiki yangu aliniachia kwa kuwa friza yake ni ndogo. Fundi anasema hawezi kufika kabla ya Alhamisi. Nimefunika kwa mablanketi na nimetia barafu ya dukani, lakini vipande vya juu vimeshaanza kulegea. Mwenye nafasi kwenye friza huku kusini magharibi mwa Houston anipigie kabla ya saa moja usiku, baada ya hapo nitakuwa zamu na simu iko kabatini.