Zege bichi husema mapema

Kabla halijashika, zege huwa limeshaonyesha mengi ya mabaya yake. Pitisha mwiko juu ya lundo. Uji wa saruji na mchanga ukifunika kokoto zote na uso ukabaki laini, uko sawa. Kokoto zikichomoza kavu, uji ni mchache. Maji yakikimbia pembeni na kuziacha kokoto nyuma, maji yamezidi.

Zege zuri hupita katikati ya nondo na kujaza kona za mbao bila kutengana. Likiwa gumu mno halishindiliki, hewa inabaki ndani, na hewa ya asilimia 5 tu inaweza kula karibu asilimia 30 ya nguvu. Ukibandua mbao unakutana na matundu kama sega la nyuki, nondo inachungulia.

Zege likiwa gumu, ndipo mtu anakimbilia ndoo ya maji. Piga hesabu kwanza: kwa uwiano wa 0.5 (uzito wa maji ukigawanywa kwa uzito wa saruji), mfuko wa saruji wa kilo 50 unahitaji lita 25 za maji. Ongeza lita 5 na uwiano umeshafika 0.6, kazi ya koleo imekuwa nyepesi, nguvu imeshuka. Na mchanga nao una maji yake: mchanga wenye uzito mkavu wa kilo 100 ukibeba unyevu wa asilimia 5, hizo ni lita 5 ambazo hakuna aliyezipima. Zipunguze kwenye zile 25. Ukitaka zege lainike kweli, ongeza maji pamoja na saruji yake, au tumia kilainishi, yaani dawa inayolainisha zege bila kuongeza maji.

Kipimo cha slampu, cha kujua ulaini wa zege bichi, hakina mambo mengi. Koni ina kimo cha mm 300, mdomo wa chini mm 200, wa juu mm 100. Ilowanishe, iweke juu ya bati tambarare, ikanyage isicheze. Jaza tabaka tatu, kila moja choma mara 25 kwa fimbo ya mm 16, sawazisha juu, kisha inua wima kwa sekunde 5 hivi. Pima zege limeshuka kiasi gani. Kwa nguzo na mihimili yenye nondo, mm 50 hadi 100 hufaa ukiwa na vaibreta, mashine ya kutikisa zege ili lishindilike. Upande mmoja ukiteleza, rudia. Ukiteleza tena, mchanganyiko haushikamani, mara nyingi mchanga laini ni mchache.

Usimwage kutoka juu zaidi ya mita 1.5, wala usilisukume zege kwa vaibreta kulipeleka pembeni: kokoto hubaki, uji husafiri. Izamishe wima, mapovu makubwa yakiisha itoe polepole.

Maji kidogo kupanda juu ni kawaida. Subiri yakauke ndipo upige mwiko. Kunyunyiza saruji kavu ili kuyanyonya ni kosa baya, maana uso huo utatoa vumbi na kubanduka. Lakini kwenye jua na upepo maji hayo huweza kukauka haraka kuliko yanavyopanda, na nyufa zikatokea ndani ya saa chache. Funika kwa nailoni mapema.

Lililoanza kushika halirudishwi kwa maji. Litupe.